Rangi Isiyopakwa Msibani

Jumatano, tarehe tisa Aprili. Mvua ilianza kabla ya alfajiri na mpaka saa nne hii bado inanyesha, ile ya kushuka wima bila upepo, na mlima haujaonekana tangu Jumapili. Siku kama hii fundi rangi hafanyi kazi ya nje, na ya ndani anaifanya kwa wasiwasi. Mimi siifanyi kabisa. Nimestaafu, magoti yamekataa ngazi. Nimekaa mezani hapa Shirimatunda, naandika.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaoshika brashi sasa, hasa mjukuu wangu Elia na wenzake wawili waliokuja Jumapili wakanionyesha picha kwenye simu. Mmepewa chumba cha watoto wanaolala pamoja, kila mtoto anataka lake, mama anataka lake, na mmekwama. Mliniuliza, "Babu, unachaguaje mtindo?" Nikasema nitaandika, maana nikisema kwa mdomo nazunguka sana. Sasa naona hata kwa kalamu nazunguka. Niliishia darasa la nne, koma naziweka pale ninapopumua. Mtakachokiona hakifai, kiacheni.

Kwanza, mkiingia chumba cha watoto, chuchumaeni. Hilo alinifundisha Mzee Eliamani, aliyenipa kazi nikiwa kijana. Mtu mzima anaingia chumbani anaangalia juu, kwenye dari na pembe za ukuta. Mtoto haishi kule. Mtoto anaishi kuanzia sakafuni mpaka usawa wa kiuno chako, na ukichuchumaa utaona kila kitu: mafuta ya nywele pale kichwa kinapoegemea, alama za vidole kando ya swichi, mahali kitanda kinapogonga lipu, michoro ya makaa nyuma ya mlango. Mzee Eliamani alikuwa anachuchumaa dakika nzima kabla hajasema neno. Wenye nyumba walidhani anasali.

Alikuwa mkali pia. Mwanzoni nilipewa chumba kule juu mlimani, nyumba ambayo migomba imeegemea ukuta wa nyuma kabisa. Nikagusa lipu, nikaona ni baridi, nikadhani ni baridi ya mlima tu. Nikapaka rangi ya mafuta, inang'aa, nikajisifu. Wiki ya pili ukuta umevimba kama chapati. Mzee Eliamani akaja, akatoboa uvimbe mmoja kwa kidole, maji yakachuruzika mpaka kwenye kiatu chake.

"Hawa watu waliomba rangi," akasema. "Wewe umewachimbia kisima."

Tangu hapo nagusa ukuta kwa shavu, si kwa kiganja. Kiganja cha fundi kimekufa ganzi, shavu halidanganyi. Na kule juu asubuhi subirini mpaka saa nne umande utoke, msiige kasi ya mjini.

Enzi zile hakukuwa na kuchagua. Dukani ulikuta rangi moja au hukukuta kitu. Kuna mwaka ulifika mzigo wa kijani kibichi, basi mtaa mzima ukawa kijani, milango, madirisha, banda la ng'ombe. Kwa kuta tulikuwa na chokaa tuliyoiloweka wenyewe, tunatia chumvi kidogo ishike, tunapaka kwa brashi ya katani. Halafu biashara ikafunguliwa. Vitu vikaanza kuingia kwa wingi, rangi nyingine zikipitia Himo kule mpakani, na wenye maduka wakawa na kadi zenye miraba midogo ya rangi, kila mmoja na jina lake la Kizungu. Watu waliozoea kukosa wakaambiwa wachague. Hawakujua waanzie wapi. Na mimi fundi wao sikujua pia, niliigiza tu kwamba najua.

Kitu kimoja cha kadi nimekijua baadaye: mraba wa kadi ni mdogo, ukuta ni mkubwa, na rangi ukutani inapiga kelele zaidi kuliko kwenye kadi. Pakeni kipande cha mita moja karibu na dirisha, na kingine mbali na dirisha, mkiangalie asubuhi na jioni kabla hamjapaka chumba. Mteja akisema ana haraka, mwambieni haraka ni yake, ukuta ni wa watoto.

Misimu yetu ya kazi ilikuwa mitatu. Kulikuwa na Krismasi, watu wanaporudi nyumbani kutoka Dar na Arusha. Kulikuwa na sherehe, harusi na kipaimara. Na kulikuwa na misiba. Hili la misiba labda nyie wa mjini hamlitilii maanani. Mtu wa kwetu akifa popote, mwili unaletwa kuzikwa kihambani kwao, kwenye migomba. Kabla haujafika, njia inafyekwa, mashimo yanafukiwa, na nyumba inapakwa rangi, kwa sababu watu watakuja wengi na marehemu hapitishwi kwenye nyumba chafu. Tulikuwa tunaitwa mafundi hata wanne, tunapaka mbio siku hiyohiyo, mkono mmoja tu wa rangi bila kurudia, nyeupe juu na bluu chini. Mara nyingi tulifika kabla hata ya watu wa nyumba hiyo kujua vizuri nini kimetokea. Wazee wameshajua, mama anajua, watoto bado.

Sasa niwaeleze chumba cha Rau, mtaa wa hapahapa mjini.

Aliyeniita ni Mama Aika. Alikuwa anauza nguo na vyombo, anafuata mizigo Himo mwenyewe, mwanamke wa kupiga hatua ndefu. Mume wake alikuwa dereva wa lori la masafa, anakwenda Tunduma, anakaa huko wiki, anarudi. Walikuwa na mabinti wawili, Aika wa miaka kumi na miwili na Doreen wa sita. Mwaka ule walimchukua na binti wa marehemu kaka yake Baba Aika. Jina lake Manka, miaka kumi. Baba yake alitangulia, mama yake akafuata mwaka uliofuata. Akakaa kidogo kwa bibi yake mzaa baba kule Uru, juu mlimani, ndipo baba mdogo wake akamleta Rau.

Lakini haikuwa imekwisha. Bibi alikuwa hajaridhika. Alisema mtoto amekonda, hasemi, hachezi, huenda ni heri arudi kwake juu. Ikakubaliwa kwamba Krismasi, ukoo ukikutana kwa Bibi, kikao kitaamua Manka akae wapi. Mama Aika alinieleza hayo siku ileile ya kwanza, mikono kiunoni.

"Fundi, mimi mtoto huyu namtaka. Watu wanasema nimelazimishwa na mume wangu. Sijalazimishwa. Nataka Krismasi ikifika Bibi akisikia chumba kilivyo, asiwe na la kusema."

Hakusema uongo. Naandika hili kwa sababu baadaye nitasimulia alivyokasirika, na sitaki mmuone vibaya.

Aliyenifungulia geti alikuwa Manka mwenyewe. Msichana mwembamba, sweta limefungwa vifungo vyote.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti."

Akaangalia ngazi. Akaangalia ndoo, brashi, na gunia la vitambaa.

"Nani amekufa?"

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilidhani ni utani wa watoto wa mjini. "Hakuna aliyekufa. Nimekuja kuwapendezeshea chumba chenu."

"Ndiyo," akasema, akasogea pembeni nipite.

Mama Aika alikuwa na gazeti la picha limetoka Nairobi, pembe zimekunjika. Ndani kulikuwa na chumba cha watoto, kila ukuta rangi yake, vitanda vimepangwa kama vya hoteli.

"Hivi. Kila mtoto ukuta wake. Huyu asije akasema anaishi kwenye chumba cha wenzake."

Nikachuchumaa kwanza. Nikaangalia. Nikasema, "Mama, kuta ni nne. Mmoja una mlango, mmoja una dirisha. Wasichana watatu. Nani anapewa wa mlango?"

"Kwani una nini?"

"Unafunguka na kufungwa siku nzima. Ukimpa Manka huo, hata kama hukukusudia, umempa njia ya kutokea."

Akafikiri. "Basi wa mlango ni wangu mimi. Nitakuwa naingia kuwafokea."

Mwanamke yule alikuwa mwepesi wa akili. Tukawaita watoto wachague.

"Mimi pinki," Aika akasema kabla hajaulizwa.

"Mimi twiga," akasema Doreen.

"Twiga si rangi, we mtoto," Aika akamwambia.

"Twiga!"

"Manka?"

"Yoyote."

"Yoyote hawauzi dukani," nikamtania.

"Basi itakayobaki."

Mama Aika akaniangalia kwa jicho la kusema unaona? Jioni ile nikapaka kipande cha majaribio karibu na dirisha. Pinki sikuwa nayo, ya bluu nilikuwa nayo, nikapaka nyeupe juu na bluu chini ili waone ukanda wa chini, ule wa kufutika kwa maji, utafika wapi. Sikuwaza zaidi ya hapo. Ndiyo rangi niliyokuwa nimeizoea.

Asubuhi nakuja, kipande hakipo. Ukuta umesuguliwa kwa dodoki na jivu mpaka lipu imechubuka. Maji ya bluu yametapakaa sakafuni.

"Nani?" Mama Aika aliuliza akiwa mlangoni, khanga amejifunga kifuani, kikombe cha chai mkononi.

"Ni mimi," Manka akasema. Hakujificha.

"Wewe! Kwa nini?"

Manka akasogeza dodoki kando kwa mguu.

"Hutaki chumba? Sema. Hutaki kukaa hapa? Unataka kwa bibi? Sema, Manka, nisipoteze nguvu zangu bure!"

Vidole vya Manka vimekauka jivu. Mama Aika akaweka kikombe dirishani na kutoka nje, nikamsikia akimwambia jirani wa ng'ambo ya ukuta wa uani, "Mimi nimeshindwa. Namrudisha kabla hata ya Krismasi. Siwezi kumpenda mtu kwa nguvu." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayekaribia kulia, si ya mtu anayechukia.

Na Manka alisikia.

Mimi nikatoka na fremu ya dirisha nikaanza kupiga msasa uani. Sikuwa na la kufanya, ukuta ulikuwa umelowa. Doreen akaja kukaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Watoto wa miaka sita hupenda mahali penye kelele.

"Fundi, utamaliza lini?"

"Wiki ijayo. Umechoka kulala sebuleni?"

"Manka amesema usimalize."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ukimaliza baba ataletwa kwenye sanduku."

Nikaacha msasa.

"Nani amesema?"

"Manka. Amesema kwao walipaka, baba yake akaja kwenye sanduku. Halafu wakapaka tena, mama yake akaja kwenye sanduku. Amesema mama anajua ila hasemi. Mama anajua?"

"Hapana, mwanangu. Baba yako yuko safarini."

"Ndivyo walivyomwambia na yeye," Doreen akasema, akaondoka kumfukuza kuku.

Vijana, nimepaka nyumba nyingi za misiba. Nimeingia kwenye nyumba ambamo mtoto ananiuliza unafanya nini, na mama mkubwa wake ananijibia kwamba tunapendezesha tu. Ndivyo ilivyokuwa ikifanywa, kumkinga mtoto mpaka wazee wakae. Na Baba Aika alikuwa amechelewa kweli. Alipaswa kurudi wiki iliyopita. Kwa hesabu ya Manka kila kitu kilikuwa sawasawa: baba mdogo harudi, mama mdogo ana wasiwasi na anafokafoka, fundi amekuja na nyeupe na bluu, na kila mtu anasema hakuna aliyekufa.

Nikamfuata Mama Aika jikoni nikamwambia kama nilivyoambiwa, bila kuongeza. Alikuwa anachambua maharage. Akaacha. Akakaa chini kabisa, miguu mbele.

"Fundi, mimi ndiye nilikwenda kutafuta mafundi mama yake alipofariki. Mimi. Nikamkuta Manka uani, akaniuliza mama anaendeleaje. Nikamwambia anaendelea vizuri, nenda ukacheze." Akapangusa uso kwa mkono wenye vumbi la maharage. "Ningemwambia nini? Wazee hawajafika."

Simlaumu. Ningekuwa mimi ningesema hivyohivyo, na wewe unayesoma pengine pia.

Akamwita Manka palepale. Akamshika mabega. "Baba yako mdogo yuko Tunduma. Lori limeharibika. Dereva mwenzake amenipa habari Himo juzi. Ni mzima. Unanisikia?"

"Ndiyo, mama mdogo."

Alisema vizuri, kwa heshima, na hakuamini hata neno moja. Nilimwona. Simu za mkononi hatukuwa nazo. Mtu alikuwa hai pale alipokuja akaingia mlangoni.

Mama Aika akageukia kwangu. "Acha kazi. Funga ndoo zako, sitaki tena rangi nyumba hii."

Hapo nikakataa. Sijui nilipata wapi ujasiri, kwa kawaida mteja akiniambia ondoka naondoka hata bila kudai brashi yangu. Nikasema, "Mama, tukiacha hivi ukuta umechubuka, mtoto atajua alikuwa sahihi. Ataona tumegundua kwamba amejua, ndipo tukaficha. Mimi naendelea. Ila napaka tofauti."

"Tofauti vipi?"

"Rangi ya msiba hupakwa mbio, siku moja, na inaisha kabla mwili haujafika. Hii nitapaka polepole, na haitaisha mpaka mume wako aingie. Ukuta mmoja nitauacha."

"Mimi nilitaka akirudi akute kimekwisha! Nimpe furaha!"

"Najua."

"Na Krismasi? Akichelewa mpaka Krismasi? Bibi asikie ukuta umechubuka kama punda mwenye vidonda?"

"Asikie."

"We mzee ni mbishi." Sikuwa mzee wakati ule, ila nilikubali. Akatupa maharage mabovu nje. "Haya. Ukiniaibisha, nitakuaibisha soko zima."

Jioni nikachuchumaa mbele ya Manka. Sikumuuliza anataka rangi gani, maana hilo alikuwa ameshalijibu. Nikamuuliza hivi: "Binti, wewe umeona nyumba zikipakwa. Niambie rangi ambayo hujawahi kuona inapakwa nyumba ya msiba."

Aika alikuwa amesimama nyuma yake, anauma ukucha.

"Pinki," akasema Manka.

Aika akaruka juu kama amekanyaga kaa la moto. "Nilisema! Mimi nilisema pinki!"

"Kuta zote?" nikamuuliza.

"Zote. Hakuna mtu atazika na pinki."

Mimi pinki siipendi, hata leo. Nilikuwa nimeandaa moyoni rangi ya maziwa yenye ukanda wa kahawia, jambo la heshima. Lakini mtu aliyekuwa na shida na rangi ndiye aliyekuwa amechagua, na mwenzake alikuwa anaitaka tangu mwanzo, na Mama Aika alipoambiwa alilikunja gazeti lake la Nairobi na kufungia chumvi.

Pinki ya kuchanganya kwa mkono ina hatari zake. Steina nyekundu, ile rangi nzito ya kuchanganyia, ni kali sana. Msiimwage kutoka kwenye chupa. Chovyeni njiti ya kiberiti, dondosheni, korogeni mpaka chini kabisa ya ndoo, pakeni kwenye kipande cha bati, kiwekeni juani kikauke, ndipo muongeze. Ikikauka inaiva zaidi. Na changanyeni ya chumba kizima kwa mara moja, kwa sababu hamtaipata tena ileile hata mkilia. Manka nilimpa njiti, Aika nikampa mti wa kukorogea. Doreen alikuwa anapuliza bati likauke.

"Bado," Manka anasema.

"Imetosha," Aika anasema.

"Bado, hiyo ni kama nyama ya sungura."

"Umeiona wapi nyama ya sungura?"

"Kwa bibi. Bado moja."

Nilisikia sauti yake kwa mara ya kwanza ikiwa ya mtu anayebishana. Ile "bado moja" ikageuka tatu, na tukapata pinki kama gamu ya kutafuna, mtu akiingia anafumba jicho moja.

Nikapaka polepole. Siku ya puti ya kuziba michubuko, siku ya msasa, siku ya mkono wa kwanza, siku nzima ya kuacha tu. Kila asubuhi nawaambia wafungue madirisha, kila jioni wafunge mvua isiingie. Nusu ya chini nikaweka ya mafuta, ileile pinki, ili ifutike. Mteja wangu mwingine wa Krismasi alituma mtu mara mbili, mara ya tatu akachukua fundi mwingine. Alikuwa na haki. Majirani walikuwa wanachungulia getini.

"Fundi, unapaka chumba au unapaka kanisa?"

"Napaka chumba."

"Mbona hakiishi?"

"Hakitakiwi kuisha."

Twiga wa Doreen nilimchora kwenye mlango wa kabati. Sikujifunza kuchora. Shingo ilikuja fupi, nikaogopa kuirefusha isivuke kwenye bawaba. Aika akasema ni mbuzi. Manka akasema ni ng'ombe wa bibi yake, hata jina lake analijua. Doreen akalia, nikaongeza madoa, akanyamaza.

Ukuta wa nne, ule wa mlango, ulibaki na puti tupu, kijivu. Manka alikuwa akiingia anauangalia huo kabla ya kitu kingine. Nami nilikuwa nakuja kila siku, natafuta cha kufanya: nasugua bawaba, nakwangua tone la rangi sakafuni. Mama Aika alikuwa anapita anasema, "Fundi, chai," kwa sauti ya mtu anayehesabu. Wasiwasi wake sasa ulikuwa wa kweli, hata yeye alianza kuuangalia ukuta ule. Mimi pia. Nilianza kujiuliza kama nimefanya ujinga, nimefunga maisha ya mtu kwenye ndoo ya rangi mbele ya mtoto. Kama lori lile lingekuwa limepinduka kweli, ningemwambia nini? Sijapata jibu la swali hilo mpaka leo. Nawaambia tu ili msidhani nilikuwa na uhakika.

Alikuja saa tisa mchana, siku ya jua. Tulisikia geti, halafu kikohozi cha mtu aliyemeza vumbi la njia nzima. Doreen akapiga kelele. Aika akakimbia. Manka hakukimbia, alisimama katikati ya chumba, kitambaa cha tapentaini mkononi.

Baba Aika akatokea mlangoni, ndevu zimeota, shati limeshikana na mgongo. Akakiangalia chumba. Akafumba jicho moja, kama wote.

"Nani amenipakia nyumba rangi ya gamu?"

"Shikamoo, baba mdogo," Manka akasema.

"Marahaba, mama."

Manka akamsogelea taratibu. Akamshika kwanza mkono wa shati, vidole viwili tu, kama unavyogusa ukuta kujua umekauka. Halafu akashika mkono wenyewe.

"Una joto," akasema.

"Nimetembea kutoka barabarani, kwa nini nisiwe na joto?" Hakuwa ameambiwa lolote. Mama Aika, nyuma yake, akafunika mdomo kwa khanga.

Manka akanigeukia. "Fundi, malizia."

Basi ukuta ule sikuumaliza mimi peke yangu. Baba Aika alivua shati, akachukua rola, akapaka vibaya sana, michirizi mpaka kwenye kizingiti, na Manka akawa anamfuata na kitambaa anafuta na kumkemea. Ulikauka na alama zake. Sikurudia mkono wa pili. Mzee Eliamani angenifukuza kazi.

Kikao cha Krismasi sikuwepo, ni mambo ya ukoo, nilisimuliwa. Bibi alimuuliza Manka mwenyewe mbele ya watu, unataka kukaa wapi. Manka akamwambia atakuja kila likizo kumsaidia majani ya ng'ombe, lakini sasa inabidi arudi Rau, chumba bado kinanuka rangi na wenzake hawakumbuki kufungua madirisha. Bibi akasema basi nendeni naye. Manka alikaa Rau mpaka alipomaliza masomo.

Kwa hiyo Elia, uliniuliza unachaguaje mtindo. Sina sheria. Naamini chumba cha wengi kipewe rangi moja wanayoishi ndani yake wote, na kila mmoja kitu kidogo cha kwake, hata twiga mbovu. Lakini kabla ya hapo ulizeni watoto rangi wameziona wapi. Mkiambiwa "yoyote", msifungue kopo bado.

Siku ile ya ukuta wa mwisho Mama Aika hakuniruhusu kuondoka. Akapika machalari, ndizi mshare na nyama ya ng'ombe ya mbavu, akaweka na parachichi pembeni, na maziwa mgando kwa watoto. Tulikaa sebuleni, mimi na Baba Aika tumenawa mpaka viwiko na bado tunanuka tapentaini. Mama Aika akasimama na upawa, ikawa kama anataka kupakua, halafu akampa Manka. Kwetu mgeni hapakui, mgeni anapakuliwa. Manka alianza na mimi, akafuata baba yake mdogo, akampa Doreen mfupa wenye uboho, Aika akalalamika, akaambiwa subiri zamu yako. Sahani yake aliijaza mwisho, akaimaliza, akarudi kwenye sufuria kukwangua ukoko.